Kurasa Nane za Mwisho

Kitura, Jumapili, 5 Februari 1995

Mwalimu Serafina,

Shikamoo. Daftari hili ni lako. Ulimpa mke wangu Gertrude mwezi wa nane mwaka jana pamoja na vitabu vitatu, ukamwambia kama unavyowaambia wote wanaoazima kwako: usinirudishie kitabu bila kuniandikia ulichokiona ndani yake. Tulimzika Novemba. Romanus, muuza dagaa wa usipa, ameniletea salamu zako kutoka Ngumbo, kwamba vitabu nisiviharakishe, nivirudishe mvua zikiisha.

Nilitaka kumpa Romanus avichukue siku ileile. Lakini nilipofungua daftari nilikuta mwandiko wa Gertrude, mistari mitatu tu. Kitabu cha kijani: “Nimekipenda. Nimelia pale mtoni, sitasema kwa nini.” Kitabu cha kahawia: “Wanaume wengi mno.” Kitabu chekundu: “Bado kidogo nimalize. Namshuku karani. Tutaona.”

Karani gani, sikuwahi kumwuliza. Alipokuwa akisoma mimi nilinoa jembe au nililala. Kwa hiyo nitavisoma vyote vitatu, nikuandikie mimi badala yake. Nimesoma hadi darasa la sita la misheni na ninafuata mstari kwa kidole. Univumilie.

Jumanne, 7 Februari

Mvua kutwa. Kurasa nne.

Alhamisi, 9 Februari

Mvua. Kurasa kumi na moja za kitabu cha kijani. Msichana anaingia katika nchi iliyo chini ya mto kutafuta sauti ya kaka yake aliyekufa. Kuna miti inayotembea na mfalme mwenye magamba kama samaki mbasa. Nilicheka peke yangu. Mtu mzima aliyeandika haya alikaa mezani, akala chakula chake, kisha akaandika kwamba mti ulipiga goti.

Jumapili, 12 Februari

Cuthbert alikuja baada ya misa. Ni mtoto wa baba yangu mkubwa, na shamba lake limepakana na mteremko wetu wa maharage. Tangu wanunuzi binafsi waanze kuja na malori yao kuchukua kahawa, yeye anaona kahawa hata penye jiwe.

“Kaka, mteremko ule mwaka huu nani atachimba?”

Mwalimu, wewe ni wa ziwani, kwenu ni mihogo na samaki, kwa hiyo nieleze kidogo. Milima yetu Wamatengo imesimama wima, na maharage tunayapanda kwenye ngoro. Mwanamume anafyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, mpaka mteremko mzima unakuwa kama daftari la hesabu. Kisha mwanamke anachimba katikati ya kila mraba na kutupa udongo juu ya zile nyasi. Linabaki shimo lenye kuta nne, na mvua ikija inatulia humo, haikimbii na udongo wetu hadi kwenu. Mwanamume hachimbi ngoro. Hakuna sheria, ila hachimbi. Na binti zetu wote wawili wameolewa mbali.

“Nina mikono,” nilimwambia.

“Una mikono ya kufyekea. Nipe mimi nipande kahawa. Maharage ya kula nitakuletea.”

Alisema kwa upole, na hilo ndilo lililonichosha. Nikampa neno langu: ikifika Jumapili ya tatu ya Kwaresima na mteremko haujapandwa, auchukue. Tukashikana mikono. Alipoondoka ndipo nilipofikiri vizuri. Kahawa ikiingia, ngoro hufukiwa, na kahawa haing’olewi. Gertrude alichimba pale miaka ishirini na minane.

Alhamisi, 16 Februari

Nimemaliza kitabu cha kijani. Mtoni pale msichana anaambiwa kwamba kila anayekufa huondoka na kazi moja ya nyumbani kwake. Huko chini anaendelea kuifanya, na huku juu hubaki haifanyiki, na watu hawajui kwa nini nyumba imebadilika. Kaka yake aliondoka na kazi ya kumwita mbwa. Ndiyo maana mbwa alikuwa amepotea tangu ukurasa wa pili.

Siamini mambo hayo. Lakini niliweka kitabu chini nikazunguka nyumba kutazama. Ni dirisha la ghala. Tangu Novemba hakuna aliyelifunga, na gunia la mahindi lililo chini yake limelowa na kuota. Miaka yote ile sikujua kwamba kuna mtu alikuwa akilifunga.

Nimelifunga.

Jumamosi, 18 Februari

Walburga, mdogo wake Gertrude, amepita. Amesema, “Shemeji, wewe fyeka, mimi nitachimba. Dada hatapenda kuona mteremko wake umeota magugu.” Nimeanza kufyeka leo leo. Nyasi zimefika kifuani.

Jumatano, 22 Februari

Mvua ya asubuhi, jua la mchana. Nimefyeka hadi kwenye jiwe kubwa.

Kitabu cha kahawia ni cha wakati wa Wajerumani na Vita vya Maji Maji upande wa Songea. Mwandishi anajua bunduki zote kwa majina, na farasi wa afisa anamweleza kurasa mbili. Kimenishika, sikatai. Ila mahali fulani anawapeleka wapiganaji mia tano wakajifiche mlimani miezi miwili, na hakuna anayepika. Wanakula nini? Wanashuka baada ya miezi miwili, wanapigana vizuri.

Bibi yangu alikuwa msichana mdogo wakati ule. Hakuwahi kutusimulia bunduki. Alisimulia kwamba vyakula vilichomwa, watu wakala hata mbegu. Mama yake alitembea hadi ziwani kwa jamaa kuomba maharage, akapewa kiganja kimoja, akakifunga ndani ya nywele zake ili asinyang’anywe njiani. Bibi alikuwa akituonyesha mahali kwenye kichwa, hapa nyuma ya sikio.

Sasa nimeelewa “Wanaume wengi mno.”

Jumapili, 26 Februari

Leo nimefanya jambo baya, na nitaliandika lote.

Kitabu chekundu nilikimaliza kwa siku tatu, mimi ninayesoma kwa kidole. Inspekta anatumwa kwenye stesheni ndogo ya reli ambako saa kubwa ya ukutani imeibwa na mlinzi amekutwa amekufa. Wanaoshukiwa ni watatu: mpishi, fundi wa reli, na karani wa tiketi. Kwa hiyo huyu ndiye karani wa Gertrude. Mimi namshuku fundi, ana maneno matamu. Ukurasa wa 152 Inspekta anawakusanya wote katika chumba cha abiria, anafunga mlango, anasema: “Mmoja wenu amekaa hapa akijua ni saa ngapi.” Nikafunua. Nikakuta jalada. Kurasa nane za mwisho hakuna, uzi umelegea na alama za karatasi nne zimebaki kwenye gundi.

Inspekta anafundisha kwamba uanze na mtu aliyekuwa karibu. Aliyekuwa karibu ni Walburga, aliyemwuguza dada yake miezi miwili na kufagia chumba kila asubuhi. Na Walburga anauza karanga nje ya kanisa, amezifunga kwenye karatasi.

Baada ya misa nilimwendea.

“Shemeji, karatasi hizi unazitoa wapi?”

“Unanunua karanga au karatasi?”

“Nauliza tu.”

“Ni gazeti la zamani la padre. Lisome, lina habari za Jimbo.”

Nilifungua pakiti moja nikasoma. Nikafungua ya pili, na ya tatu. Karanga zilimwagika kwenye ungo. Mama mmoja nyuma yangu akasema, “Mgane amekuwa polisi,” na wenzake wakacheka. Hapo ningeacha. Badala yake nikasema, na sauti yangu haikuwa ndogo, kwamba kitabu cha dada yake kimepungua kurasa nane na aliyekuwa akifagia kile chumba ni yeye.

Walburga aliweka ungo chini.

“Nimemwogesha dada yangu miezi miwili,” alisema. “Nimemlisha kwa kijiko kama mtoto. Leo unanihesabia karatasi.”

Alikusanya karanga zake moja moja, hata zilizoanguka chini.

“Ngoro utachimba mwenyewe, Inspekta.”

Jumatano, 1 Machi

Majivu. Katika mstari wa kupakwa majivu kanisani nilikuwa nyuma ya Walburga. Hakugeuka.

Jumamosi, 4 Machi

Nyasi zimekauka, nimezilaza. Hiyo kazi naijua, na miraba yangu imenyooka. Kisha nikashika jembe nikaanza kuchimba. Sikuomba mwanamke mwingine. Ningemwambia nini kuhusu Walburga?

Cuthbert alisimama mpakani akiwa ameshika kiuno.

“Kaka, nikuletee kitenge?”

“Lete na kilemba.”

Alicheka mpaka akakohoa. Nami nilicheka. Lakini alipoondoka alipita chini ya shamba akihesabu hatua, kama mtu anayepima pa kuweka miche.

Mashimo kumi na nane leo. Kwa mwendo huu nitamaliza Pentekoste.

Jumanne, 7 Machi

Mashimo hamsini na tatu. Mgongo.

Jumatano, 8 Machi

Mvua ilianza saa nane mchana, ikaja na mawe. Nilikimbilia chini ya jiwe kubwa nikatazama. Shimo la kwanza juu kabisa lilijaa, ukuta wake ukakatika kama mkate uliolowa, maji yakaingia la pili, la pili likakatika, na kuanzia hapo hayakusimama tena. Kwa muda wa rozari moja mashimo yangu yote yalikwisha. Udongo ulishuka mtoni mwekundu. Labda wewe utauona ziwani, Mwalimu. Ni wangu.

Kosa nimeliona baadaye, nikiwa nimechuchumaa kwenye matope. Nilikuwa natupa udongo upande wa chini tu, kama mtu anayeinua tuta la viazi. Kumbe kila ukuta hupata udongo kutoka mashimo mawili, yaliyo pande zake mbili. Mimi niliupa wa shimo moja. Nimekaa kando ya mwanamke akichimba ngoro tangu nilipooa, nimemletea maji ya kunywa, nimesimama nikizungumza naye huku udongo ukiruka pande zote, na sikuwahi kuona unaruka kwenda wapi.

Inspekta wa kitabu chekundu anasifiwa kwa sababu anaona kila kitu. Lakini yeye ni mgeni pale stesheni. Angekaa miaka ishirini na minane tungeona.

Siku kumi na moja hadi Jumapili ya Cuthbert.

Alhamisi, 9 Machi

Sikwenda shamba. Sikusoma.

Jumamosi, 11 Machi

Nimekwenda kwa Walburga. Nilimkuta uani anachambua mchicha. Jembe lake lilikuwa limeegemea ukuta, butu. Sikujua nianzie wapi, nikalichukua, nikatoa jiwe la kunolea mfukoni, nikakaa chini nikaanza kunoa. Aliniacha. Nilipofika upande wa pili wa bapa ndipo alipouliza.

“Inspekta yuko wapi?”

“Amefukuzwa kazi.”

Aliinamia mchicha ili nisimwone anacheka, lakini mabega yalimsaliti.

“Shemeji, nilikukosea,” nikasema. “Mbele ya watu. Kesho baada ya misa nitalisema mbele ya watu walewale.”

“Usiseme kitu kesho. Utawafurahisha bure.” Akatupa shina moja gumu. “Nimepita jana pale mteremkoni. Shemeji, ulikuwa unachimba makaburi ya sungura?”

“Nilikuwa natupa udongo upande mmoja.”

“Nimeona. Hata mtoto angeona.” Akachukua jembe, akagusa makali kwa kidole gumba. “Jumatatu nitakuja na wenzangu wanne wa jumuiya. Wewe utazirudisha nyasi mistarini, na utapika. Ugali usiwe na mabonge.”

Jumatatu, 13 Machi

Wamekuja watano. Nimerudisha mistari, nimepika. Mabonge yalikuwepo. Hawakuacha kuyasema kutwa.

Jumanne, 14 Machi

Leo nimetoa mbegu. Ni vibuyu vinne vilivyoning’inia juu ya moto jikoni tangu Oktoba, midomo imezibwa kwa gunzi la mahindi na kupakwa majivu na kinyesi cha ng’ombe ili fukusi wasiingie. Nyumbani kwetu mwanamume anavibeba tu. Anayefungua ni aliyechimba, na anafungua shambani, mbegu ikiwa tayari kuingia udongoni.

Walburga aligonga mdomo wa kibuyu cha kwanza kwa mpini, akachomoa gunzi. Lilikuwa limeviringishwa karatasi. Alitaka kuitupa. Niliona herufi, nikamshika mkono.

Ukurasa wa 153.

“Hizi?” alisema. “Karatasi zako ndizo hizi?”

“Ndizo.”

“Mbona wewe uliuliza za karanga?” Alikaa kwenye ukuta wa ngoro akiwa bado ameshika gunzi. “Hizi zilikuwa chini ya kitanda. Zilidondoka zenyewe, kitabu kimezeeka. Dada alinituma nizibe mbegu kabla ya mvua za kwanza, na magunzi yalikuwa membamba, hayakazi. Akasema viringishia hizo. Nikamwuliza, si za kitabu cha Mwalimu? Akasema macho yake yamechoka, hawezi kusoma kwa sasa. Akasema, ‘Zitakaa salama huko kuliko hapa. Tutazitoa Machi.’”

“Alisema tutazitoa?”

“Tutazitoa. Ndivyo alivyosema.”

Wale wanawake wanne walikuwa wameacha kuchimba. Mmoja akasema kwa sauti ndogo, “Basi soma, baba.” Nikasoma ukurasa wa 153 na wa 154, nimesimama, kwa kidole. Ikabidi kwanza niwaeleze habari ya stesheni, na saa, na mlinzi. Ukurasa wa 154 Inspekta anamgeukia mpishi, anamwuliza kwa nini mikono yake inatetemeka. Karatasi ikaishia hapo.

Niliinama kuchukua kibuyu cha pili. Walburga akakiwekea mguu.

“Kile cha kwanza kiishe kupandwa,” alisema. “Dada hakufungua viwili kwa pamoja.”

Jumatano, 15 Machi

Kibuyu cha pili. Mpishi hana kosa, anatetemeka kwa malaria. Yule mama aliyeniita polisi nje ya kanisa naye yupo, anamshuku fundi kama mimi. Wamechimba hadi kwenye jiwe kubwa. Sijawahi kuona ngoro zikichimbwa kwa kasi hii.

Alhamisi, 16 Machi

Kibuyu cha tatu. Fundi amekiri, lakini amekiri wizi wa mafuta ya taa tu. Manyunyu. Kuta zimekaa. Wamekuja wanawake saba, wawili sikuwaita, wamesikia habari kisimani.

Ijumaa, 17 Machi

Kibuyu cha nne walikifungua saa tisa alasiri, imebaki mistari miwili tu ya miraba chini kabisa, karibu na mto. Walburga alinipa karatasi bila kuitazama. Kinyesi kilikuwa kimekula pembe moja ya ukurasa wa 160, lakini maneno yanasomeka.

Ni karani. Aliiba saa kwa sababu treni ilikuwa ikichelewa kila siku na watu wakimlaumu yeye, na mlinzi akamkuta akiishusha.

“Si nilisema,” alisema Walburga, ambaye hakuwa amesema. Wengine wakalalamika kwamba ni rahisi mno, kwamba Inspekta angemtambua siku ya kwanza. Wakarudi kwenye majembe wakiwa bado wanabishana. Mimi nilikaa ukutani na ile karatasi. Gertrude alimjua bila kufika kurasa hizi, akalala pale akisubiri Machi ili aone kama amepatia.

Mistari miwili ya mwisho nilichimba pamoja nao. Udongo pande zote.

Jumapili, 19 Machi

Cuthbert alikuja baada ya misa kama tulivyoahidiana. Tulitembea mteremko wote kutoka juu hadi mtoni. Chini kabisa alisimama penye mashimo niliyochimba mimi, akayatambua kwa kupinda kwake, akatingisha kichwa.

“Neno ni neno,” alisema.

“Ahsante, kaka.”

Nilidhani ataondoka na uso mgumu. Nilimfikiria vibaya mwezi mzima, kana kwamba yeye ndiye aliyemchukua Gertrude. Alikuwa akitaka ardhi tu, kama watu wote. Alipofika njiani aligeuka.

“Mke wangu anasema kuna kitabu. Saa aliiba nani? Amekataa kuniambia.”

Nimemwambia aombe kwako, na kwamba kuna daftari la kuandika.

Jumapili, 16 Aprili

Pasaka. Maharage yamechanua, meupe na zambarau. Walburga alikuja kula. Ugali haukuwa na mabonge.

Jumamosi, 6 Mei

Mvua zinaondoka. Asubuhi ukungu, kisha jua. Nimekisoma tena kitabu cha kijani, pale mtoni tu. Sasa kila jioni nafunga dirisha la ghala kabla hata ya kunawa mikono. Sijui kama huko chini naye bado analifunga. Kama analifunga, basi tunalifunga wawili.

Kitura, Jumapili, 18 Juni

Mwalimu Serafina,

Tumevuna. Vibuyu vinne vimejaa tena na vimerudi juu ya moto, safari hii vimezibwa kwa maganda ya mahindi. Romanus anashuka Ngumbo kesho kwa baiskeli, na nimempa mzigo: vitabu vyako vitatu, daftari hili, na mfuko wa maharage. Kurasa nane nimezishona kwa uzi wa gunia la kahawa. Zina madoa ya majivu na zinanuka moshi. Unisamehe, sikutaka kuzisugua.

Chini ya mstari wa Gertrude, kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, nimeongeza maneno mawili kwa mwandiko wangu: “Ni karani.” Nilifikiri siku nyingi kama nina ruhusa ya kuandika pale. Kisha nikaona kwamba aliandika “Tutaona,” na mimi ndiye niliyebaki kuona.

Ukimwazima mtu mwingine kitabu chekundu, akakuuliza madoa ni ya nini, mwambie kwamba kurasa zile zililala miezi mitano pamoja na mbegu. Umtajie Gertrude jina lake. Nami, ukisalimia wasomaji wako wa ziwani, unikumbuke kidogo.

Urbani